Mlio wa Mkata Vitambaa

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mama Pima ni futi ya kamba shingoni, iliyochakaa hadi namba za mwanzo zimefutika. Alikuwa msimamizi wa karakana ya sare nilikoajiriwa baada ya chuo. Jina hilo alipewa kwa sababu kila kitu alikipima mara mbili.

Ofisi ilikuwa imetuingiza sote kwenye programu ya ujumbe wa kazini, na kila aliyeishiwa uzi aliandika humo. Simu ya Mama Pima haikutulia.

"Mwanangu, wewe msomi, hebu kifunge mdomo kidude hiki."

Nilifungua mipangilio kwa furaha ya mgeni kazini. Makundi nikayanyamazisha, bosi nikamwachia mlio.

"Na Babu Mkasi?"

Huyo ndiye aliyekuwa mkata vitambaa, mwenzake kazini kwa miaka kumi na tisa. Siku mbili nyuma alisahau kukunja kitambaa kabla ya kukata. Mikono themanini ya mashati ya wanafunzi ikatoka yote ya kushoto. Mama Pima alimwuliza mbele ya karakana nzima, "Kaka, umeiona wapi shule yenye mashoto watupu?" Tulicheka hadi machozi. Babu Mkasi hakucheka.

"Huyo mfiche kabisa," akaniambia. "Akitaka kuniomba radhi, ana mdomo."

"Una uhakika, mama?"

"Nimepima mara mbili."

Nikabonyeza. Ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Jumatatu meza ya kukatia ilikuwa tupu. Babu Mkasi alikuwa amehamishiwa tawi jipya. "Hata kwaheri!" Mama Pima alisema, na siku nzima hakumtania mtu.

Wiki tatu baadaye simu yake ilijaa, akanipa nimfutie picha. Ndipo nilipoukuta ujumbe kwenye orodha iliyofichwa, umetumwa Ijumaa ile ile:

"Dada, kosa ni langu. Mbele za watu nilishindwa kusema. Jumatatu nahama. Nakusubiri getini leo saa kumi, tuagane."

Chini yake, saa kumi na mbili: "Haya dada. Mkasi nimekuachia kwenye droo ya vifungo."

Nikamrudishia simu. Alisoma, akarudia.

"Mkasi niliuona. Nikadhani kausahau." Akakaa. "Saa kumi nilikuwa humu humu, napanga vifungo."

"Nisamehe mama, mimi ndiye niliyebonyeza."

"Kidole chako, kiburi changu."

Alijibu mwenyewe, kwa kidole kimoja: "Nimeuona leo. Njoo unigombeze." Kisha akaniamuru nimwekee Babu Mkasi mlio wake peke yake, mkali kuliko wa bosi. Kesho yake ukalia kwa mara ya kwanza: "Alhamisi naleta majora ya vitambaa huko."

Leo ni Alhamisi. Mkasi umenolewa, umelazwa kwenye meza ya kukatia. Tangu asubuhi Mama Pima amepima kola moja mara nne. Sasa hivi simu imelia, na cherehani zote zimenyamaza.

"Kasema yuko njia panda," anatutangazia, huku akivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. "Mtu asicheke!"

Ameshafika getini. Lori la majora bado halijaonekana.