Diski Iliyobeba Picha za Watoto

Namshukuru Mwenyezi Mungu, ahifadhiye bila kuhitaji nakala, aliyenipa riziki kwa kazi ya kuhifadhi.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya wakimbizi, Kigoma mjini, Mkuu wa Mitambo alinifungulia dirisha jeusi la kuandikia amri. "Diski ni mgonjwa asiyelalamika," akaniambia. "Muulize mwenyewe kila asubuhi." Amri ya kuuliza ni smartctl. Huonyesha joto la diski, saa ilizofanya kazi, na sekta zilizohamishwa. Sekta ni vijumba vya data; kimoja kikiharibika, diski hutumia cha akiba. Akiba ikianza kuliwa, nakili upesi.

Jenereta letu lilizimika ovyo, na diski ziliumia.

Diski moja ilibeba majina ya mgao wa chakula na picha za watoto walioshuka kwenye boti ufukweni Kibirizi bila wazazi, pamoja na kambi walizopelekwa. Mama Kezia, mkimbizi kutoka Burundi, aliigusa picha moja kwenye kioo. "Umwana wanje," akasema. Mwanangu. Lakini utaratibu ulitaka ndugu wa pili athibitishe kabla ya kuambiwa mtoto aliko. Akaenda kambini kumleta dada yake.

Kabla hajarudi, sekta zilizohamishwa zikaongezeka ghafla. Juu ya orodha hiyo, hata hivyo, diski ilijiandikia PASSED. Mkuu wa Kituo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akacheka.

"Imefaulu! Fundi, unamfelisha aliyefaulu?"

"Mkuu, hii inakufa. Na diski ya akiba bado iko kwenye treni."

Akaacha kucheka. "Nakilia kwenye kompyuta ya mhasibu. Anza na mgao. Kesho watu wanakula."

Hakukosea. Nilianza na mgao, ukaingia wote. Nilipofika kwenye picha, diski iligonga, tak, tak, ikanyamaza.

Mama Kezia alirudi na dada yake. Nikamweleza kwamba picha na jina la kambi ya mtoto vimepotea.

"Izime, uiwashe tena," akasema dada.

"Nimejaribu, dada."

Mama Kezia akavuta kiti karibu na kibodi. "Basi andika. Ana kovu juu ya jicho la kushoto. Andika. Akicheka, anaziba mdomo."

Niliandika yote, tukayapeleka kambi zote. Hadi nastaafu, hakuna jibu lililorudi.

Nyinyi mnaoanza kazi hii, msingoje diski ikiri kuwa inaumwa. Nawe usomaye, Mola akulindie unaowapenda, na aliyepotea kwako akurudishie ukiwa bado unaijua sura yake.