Sabuni Iliyomwangusha Shangazi

Aibu hii ningeizika kama ingezikika, lakini kigango kizima cha Mugoma kiliiona, kwa hiyo afadhali muisikie kwangu mwenyewe, mimi niliyesoma hadi stashahada ya mawasiliano kwa jasho langu (hakuna mjomba aliyenishika mkono), nikafanya kazi ya ufundi wa minara ya simu Dar es Salaam miaka tisa, nikarudi Ngara na kujenga nyumba ya bati la rangi.

Shangazi Veneranda, aliyenilea, hakuwa analala vizuri tangu mnara wa simu ujengwe kilimani. Alisema mawimbi yanamgonga kichwa, macho yanaona giza, hata simu iliyo mfukoni mwa mtu anaisikia mwilini, hivyo Misa alikuwa anaisikilizia nje, peke yake, kaegemea ukuta. Kila aliponiambia nilimpa somo la mawimbi. Mwisho nikachoka kuchekwa (eti fundi wa minara ana shangazi anayeogopa minara), nikaamua jambo dogo tu: nimpime mbele ya watu, yaishe.

Jumapili baada ya Misa nikakusanya simu zote kwenye gunia, na yangu pia, asije akasingizia ya mtu mwingine, nikampa Deo, mwenye pikipiki pekee pale, azipeleke ng'ambo ya bonde akae nazo hadi nimpigie (kwa simu ipi, sikujiuliza). Kisha nikamwekea Shangazi mapajani kitu kilichofungwa kwenye kitenge.

"Shangazi, simu hiyo imewashwa au imezimwa?"

Akashika kichwa. "Imewashwa, baba. Itoe. Inanipasua."

Nikafungua kitenge, nikanyanyua juu kipande cha sabuni ya kufulia. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini.

"Fundi, umetisha!"

"Mwacheni mama wa watu," alisema jirani yake, Mama Yustina. "Hamuoni anavyotoka jasho?"

Shangazi akainuka aondoke, akapiga hatua mbili, akaanguka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikapaza sauti: "Mnaona? Hata sabuni inamwangusha!" Wakacheka tena. Kicheko kilikatika Mama Yustina alipomgeuza, tukaona mdomo umekwenda upande.

"Pigeni simu, gari lije!"

Watu wakapapasa mifuko mitupu, wakanitazama. Pikipiki nayo ilikuwa ng'ambo. Tulimbeba kwa machela ya miti hadi barabara kuu, mimi na viatu vyangu vya kung'aa, na kila tuliyekutana naye njiani aliuliza mbona hatukupiga simu, nami nikalazimika kueleza upya.

Hospitalini daktari alisema ni presha, tena ya muda mrefu. "Kichwa kilianza kumuuma lini?" Jibu nililijua, hata mwezi wenyewe. Mnara haukuwa na kosa, hilo nililithibitisha vizuri sana. Ila kichwa kilikuwa kinauma kweli, na hicho sikukipima.

Shangazi yu hai. Mkono wa kulia hauinuki, maneno yanamtoka nusunusu. Nimeapa kwamba mtu akiniambia mawimbi yanamuumiza, sitabishana naye. Nitamuuliza tangu lini, nimpeleke akapimwe. Juzi nilipokuwa namlisha uji aliniuliza kwa shida, "Simu... umezima?"

Zamani ningeanza somo. Nikaitoa mfukoni, nikaenda kuiacha nje, nikarudi kumalizia kumlisha.