Nilizima Krismasi ya Shemeji

Msomaji huyu wa Nyamira ametuomba tulifiche jina lake, nasi tumemkubalia.

Mimi ni mama wa watoto wanne, umri wangu miaka thelathini na mmoja. Nimeolewa kwenye boma la watu wa kanisa, na mimi mwenyewe ni Mkristo, mlijue hilo kabla hamjaanza kunihukumu.

Shemeji yangu mkubwa anafanya kazi Nairobi. Kila Desemba anakuja na gramafoni ya betri na santuri zake za Krismasi, za kengele na theluji, theluji ambayo hapa kwetu hakuna aliyewahi kuikanyaga. Anazipiga tangu asubuhi mpaka tunalala, na asiyecheza anaambiwa hana Yesu. Nazichukia nyimbo hizo. Na yeye nikimwona amefumba macho, anatabasamu kana kwamba mbinguni ameshapewa funguo, nazichukia zaidi.

Mwaka huu mama mkwe anaugua kifua. Mimi ndiye ninayemwosha na kumpikia uji nikitoka kuchuma chai. Shemeji alipofika alimsalimia akiwa mlangoni tu, kisha akaweka gramafoni kwenye dirisha la chumba cha mama.

"Mwanangu, punguza hiyo kitu, kichwa kinaniuma," mama akamwambia.

"Mama, hizi ni sifa za Bwana. Anayezikataa ana pepo."

Nilimsikia mama akilia. Hasira zikanipanda. Niliingia, nikatoa mawe yote ya betri, nikaenda kuyatupa chooni, wageni wa shemeji waliokuja kucheza wakinitazama. Boma likanyamaza, mama akapata usingizi.

Sasa shemeji anataka Jumapili nisimame kanisani niungame kwamba nimemkataa Bwana. Mume wangu humwogopa kaka yake tangu utotoni. Ameniambia, "Omba msamaha tu, haya mambo yaishe. Ukikataa, rudi kwenu Mosocho."

Siombi. Kumtetea mgonjwa si dhambi, na nguo zangu nimeshazifunga.

Lakini mama mkwe naye amefunga blanketi lake. Anasema, "Nani atanipikia uji, hiyo gramafoni? Tunaenda wote." Nanyi mnajua kwetu Kisii mama mkwe hata kula kwa wazazi wa mkaza mwana huona haya, sembuse kuhamia.

Kuhusu msamaha sitaki ushauri wa mtu. Nishaurini hili tu: tukifika Mosocho, baba yangu nitamwambia nini?