Mazoezi ya Moyo kwa Foni

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa koti jeupe lililonizidi mabega, nikaambiwa nisimguse mgonjwa yeyote. Shefu wa huduma, yaani mkuu wa idara yetu, mtu mrefu aliyesomea ng'ambo, alinikalisha kwenye kona ya chumba cha mazoezi. "Madamu," alisema, "mgonjwa akiingia hapa amekwisha kukuambia nusu ya ugonjwa wake. Tazama midomo yake ina rangi gani. Tazama anavyokamata ukuta."

Kazi yenyewe tuliiita kine. Ni kazi ya kuwarudishia watu viungo na pumzi kwa mazoezi. Mimi nilikuwa msaidizi tu, maana shule yangu haikufika mbali baada ya msingi. Niliyoyajua niliyapata kwa kutazama.

Hospitali yetu ilikuwa katikati ya Bujumbura. Mwanzo nilikuwa upande wa mifupa, kisha nikahamishiwa kwa wagonjwa wa magonjwa yasiyoondoka: moyo uliochoka, mapafu yaliyokakamaa, sukari, mwili uliolala upande mmoja. Hao hawaponi, hutunzwa. Zoezi kwao ni dawa, na kama dawa yoyote lina kipimo. Moyo dhaifu ukiuzoesha kazi pole pole unapata nguvu. Ukiuharakisha, maji yanajaa miguuni, yakipanda yanafika mapafuni, na mtu anazama huku amekaa kwenye kiti chake.

Vita vilipokuja, barabara ya kusini ilifungwa na kufunguliwa bila mtu kujua sababu. Wagonjwa wa Kanyosha, upande huo, wakaacha kuja. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuwa mjane. Mume wangu alitoka kwetu Ngagara asubuhi moja kwenda kazini, na sisi tukamzika. Inasemekana kuna aliyewaonyesha wauaji kwa kidole. Sikuuliza ni nani. Nilirudi kazini kwa sababu nyumbani palikuwa kimya mno.

"Risasi haijawagusa," Shefu alisema kuhusu watu wa Kanyosha, "lakini kitanda kitawamaliza."

Huko Kanyosha palikuwa na kituo kidogo cha afya kilichoongozwa na Sista, muuguzi ambaye sote tulimwita titileri, yaani mkuu wa kituo. Alikuwa na foni, redio ya kubonyeza kitufe ukasema, na kukiachia ukasikia. Hospitali nayo ilikuwa na yake. Wakapatana: alasiri wagonjwa wakae kwenye benchi za baraza, Sista apokee foni dirishani, nami niwaongoze kutoka mjini.

Shefu aliweka sheria. "Hakuna jina la mtu. Hakuna habari za askari. Na hakuna kusema mambo ya jirani. Kila mwenye bunduki anaweza kutusikiliza."

Kwa hiyo tuliwaita kwa magonjwa yao. Palikuwa na Mama Moyo, muuza unga wa muhogo, na pembeni yake Mzee Pumzi, seremala ambaye vumbi la mbao lilikuwa limemharibia mapafu. Nilisema, "Kamateni benchi, inueni visigino, shusheni. Kwako." Nikaachia kitufe, nikasikia mikwaruzo, kisha sauti ya Sista: "Wameshusha, ila mmoja amekaa na miwani imeanguka. Kwako."

Kabla ya kuongeza zoezi nilimuuliza kila mmoja hali yake.

"Mama Moyo, amahoro?"

"Ni amahoro, Mama Kine."

Kila mara ni amahoro. Ndivyo tulivyolelewa. Hata ukimkuta mtu paa lake limebebwa na upepo, atakujibu kwanza kwamba ni amani, mtakaa, na shida itatoka yenyewe kwa wakati wake. Kwenye foni huo wakati haukuwepo. Kitufe kiliachiwa, zamu ikaenda kwa mwingine. Shefu akaagiza tuongeze, tukaongeza. Mama Moyo akatolewa kwenye benchi akaanza kuzunguka ua. Sista alimwona kwa mbali tu, na kitenge chake kilifika chini.

Siku moja, zamu yake ilipofika, Mzee Pumzi hakujibu kama wengine.

"Mama Kine, mi niko muzuri. Lakini uyu mama wa pembeni yangu iko nakudanganya. Miguu yake imejaa mpaka viatu aliacha kwake. Kupanda ka mulima ka kanisa, anasimama-simama kunipita mi, na mi ndiye mwenye mapafu ya kuoza!"

Nikasikia kicheko, halafu sauti ya Mama Moyo karibu sana: "We muzee, nani alikutuma? Tengeneza kwanza kifua yako, inalia kama mulango ya zamani!"

"Inalia, ndiyo. Lakini haifichi kitu."

Mkono wa Shefu ulipita juu ya bega langu, ukazima foni. "Hilo ndilo nililokataza," alisema.

Mama Moyo hakurudi tena barazani. Sista alipokuja mjini kuchukua dawa, alitueleza. Mwana mkubwa wa Mama Moyo alikuwa amechukuliwa na kuuawa baada ya jirani kuonyesha nyumba yao. Sista alipomfuata nyumbani, mama huyo alimjibu: "Sitakaa benchi moja na mutu wa kunisema." Alikataa hata kuonyesha miguu yake.

Shefu alivua miwani. "Tusipojua hali yake, maji yatamuua," alisema. "Na sina njia ya kujua." Nilimwelewa yule mama kuliko nilivyotaka kumwelewa.

Aliyekwenda kwake ni Mzee Pumzi. Yaliyopita huko nayajua kwa Sista, aliyefuatana naye. Mzee alipanda mlima akipumzika kila kwenye mti, akafika hawezi hata kusalimu, akakaa kizingitini mpaka pumzi ikarudi. Mama Moyo alikuwa anachekecha unga, hakuinua kichwa.

"Mama, nimekuletea fimbo ya kunipigia."

"Fimbo gani?"

"Mi navuta tumbaku mu choo. Bibi yangu hajui, Sista naye anajua sasa hivi tu. Kesho useme kwa foni, ospitali yote isikie."

"Kumbe we ni mujinga kweli."

"Ni mujinga." Kisha akasema polepole, "Mama, ule alisema mwanako ili afe. Mi nilikusema ili ubaki muzima. Apana kutuweka fasi moja."

Mama Moyo aliendelea kuchekecha kwa muda mrefu. Halafu akapandisha kitenge mpaka magotini, Sista akaona.

Alipewa dawa ya kupunguza maji. Aliporudi kwenye benchi, Shefu mwenyewe ndiye aliyefungua foni. "Nilikosea kipimo cha sheria," alisema. "Kuanzia leo kila mtu ataeleza hali ya aliye pembeni yake. Ya mwili tu. Na anayeelezwa atoe ruhusa kwanza."

"Namupa ruhusa," alisema Mama Moyo. "Lakini mi ndiye naanza." Akaitoa habari ya tumbaku, na nikasikia baraza lote likipiga makofi.

Tulimrudisha kwenye mazoezi ya kukaa, kisha ya kusimama, kisha ua, bila haraka. Aliona mwisho wa vita, na alikuwa bado anauza unga.

Sasa nimestaafu. Vijana wa kine wananionyesha simu zao, mgonjwa yuko mlimani na uso wake unaonekana. Nafurahi. Nawaambia tu kwamba uso nao unajua adabu, na mgonjwa wa mbali mara nyingi ana mtu karibu. Aombwe ruhusa, huyo mtu aulizwe. Wananiuliza pia ni siku gani ya kazi ninayoikumbuka zaidi. Ni hii.

Mabomu yaliangukia upande wa juu wa Kanyosha, na Mzee Pumzi akafa. Mapafu yake hayakuhusika. Baada ya maziko wagonjwa walirudi barazani, na mimi nikafungua foni. Kila mmoja alielezwa na jirani yake mpaka tukafika mahali alipokuwa akikaa Mzee Pumzi kwenye benchi. Nikauliza nani atatoa habari za Mama Moyo. Mikwaruzo ikaendelea, nikadhani foni imekatika.

Kisha sauti yake.

"Pembeni yangu apana mutu. Nasema mwenyewe. Miguu haikuvimba, Sista ameibonyeza. Usiku sikulala, nililia. Kifua inabana, lakini ni ya kulia, si ya maji. Leo unipe mazoezi ya kukaa. Kwako."

Nilibonyeza kitufe, nikampa ya kukaa.