Jioni Niliyoiegesha Nyumba

Asubuhi, lori la mikate linaporudi nyuma kwenye uchochoro ulio chini ya dirisha langu hapa Braamfontein, Johannesburg, ule mlio wake wa pii-pii-pii huniamsha kabla ya jua. Wenzangu hujifunika mito. Mimi husimama dirishani kuhakikisha hakuna mtu nyuma yake. Niko hivyo tangu utotoni, na kabla hujanihurumia, ngoja nikusimulie siku ambayo hofu yangu ilitufaa.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo, aliyeoa Italia, alituazima gari lake la safari, lenye vitanda, jiko na hata choo. Mama aliliita "nyumba". Jioni moja tulifika chini ya kijiji cha kale kilichojibanza juu ya kilima, hewa ikinukia moshi wa kuni. Hapo chini palikuwa na uwanja wa changarawe ambapo magari kama letu hulala. Ilibaki nafasi moja tu: upande huu ukuta mkongwe wa mawe, upande ule ukingo usio na kizuizi, na mbali chini yake mizeituni.

Ilibidi kuingia kinyumenyume. Baba, aliyezoea usukani wa kulia wa Johannesburg, sasa alikuwa amekaa kushoto. Kila alipotafuta gia, mkono wake ulipapasa mlango. Akajaribu, tukaelekea ukingoni, Mama akapiga yowe. Akajaribu tena, nusura ukuta utunyang'anye kioo. Wazee waliokuwa wakila nje ya magari yao wakaweka uma chini, wakatutazama.

"Si tulale tu kando ya barabara," alisema kaka yangu Brayo.

"Kando ya barabara?" Mama akamgeukia. "Wewe umelelewa Joburg au wapi?"

Giza lilikuwa linakuja. Baba akajifuta jasho, akanitazama. "Neema, shuka uniongoze."

"Huyu?" Brayo akacheka. "Baba, huyu anaogopa hata lifti!"

"Ndiyo maana," Baba akajibu.

Nilishuka nikiwa tayari nimeshawaona wote wakibingirika hadi kwenye mizeituni. Ndipo nikamkumbuka Papa Musafiri, Mkongo aliyelinda magari nje ya kanisa letu Turffontein. Kila Jumapili, wenzangu walipokimbilia soda, mimi nilisimama kumtazama akiyavuta magari kwa vidole kana kwamba yamefungwa uzi. Kwanza alihakikisha dereva anamwona kwenye kioo. Nami nikafanya hivyo, nikainua mikono na kuita kwa maneno yake.

"Kuja, papa, kuja! Kata! Kata tena! Nyoosha!"

Nikatazama ukuta, ukingo, ukuta tena. Ghafla nikakunja ngumi: simama!

"Eish, Neema, kuna nini?"

"Changarawe inamomonyoka chini ya tairi!"

"Sawa, mama." Baba hakubisha. Akasogea mbele, tukaanza upya, polepole, hadi nyumba nzima ikaingia mahali pake. Nikaipiga makofi mawili mgongoni, kama Papa Musafiri. "Sharp, papa! Sharp-sharp!"

Wale wazee wakashangilia kama uwanja wa mpira. Bibi mmoja akaniinulia glasi yake. Brayo alishuka, akapima kwa macho pengo la huku na la kule, akaenda kunifungulia kiti bila kuambiwa. Tulikula ugali wa unga tuliotoka nao nyumbani, na nadhani sijawahi kuketi wima vile.

Kwa miaka mingi nilidhani lile "ndiyo maana" lilikuwa utani. Nilielewa nilipojifunza kuendesha mwenyewe, nikaona jinsi, unaporudi nyuma, unavyowakabidhi wote uliowapakia kwa macho ya mtu mwingine. Mama na Brayo walikuwa ndani jioni ile. Wahenga walisema kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Baba alimchagua mwoga wake makusudi, na kicheko chetu usiku ule lazima kilipanda hadi kijijini.