Silinda ya Mzee wa Rubongi

Siku ile shambani Dabani, upande wa Uganda, tulikuwa watu sita. Kulikuwa na mzee wa Rubongi, kule Tororo, mwenye msumeno. Kulikuwa na mama mwenye mikaratusi, aliyekuwa anauza miti yake ili amalize kuezeka nyumba. Kulikuwa na wanunuzi wawili wa mbao kutoka upande wa Kenya, ndugu wa tumbo moja, mmoja mnene mwepesi wa kucheka na mwingine asiyecheka kabisa. Kulikuwa na mdogo wangu wa kike anayenifuata, aliyenisaidia kubeba vifaa. Na mimi. Nawataja wote kwa sababu wote walisikia nilichosema, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kutoniamini.

Mimi ni fundi wa misumeno ya injini, ile ambayo huku mpakani tunaiita pawa. Baba alikuwa fundi kabla yangu. Alipofariki, mwaka mmoja baada ya mama, niliacha shule nikiwa darasa la sita, nikaketi kwenye benchi lake pale Busia, na wadogo zangu wanne wakaendelea kusoma. Watu hunisifu kwa hilo. Wakinisifu, naangalia chini.

Baba alikuwa fundi wa kurudisha kitu kilivyokuwa. Ukimletea injini iliyochoka, ataifanya ifanye kazi kama ilivyotoka dukani, basi. Mimi nikajifunza kuongeza. Ndani ya silinda kuna tundu la kutolea moshi. Ukilipanua kidogo kwa tupa, na ukalipandisha juu kwa unene wa kucha, moshi hutoka upesi, injini huvuta vizuri zaidi, na msumeno unaingia kwenye gogo kana kwamba linaulainikia. Nilimtazama fundi mmoja ng'ambo ya mpaka akifanya hivyo, nikatazama video kwenye simu bila kuelewa lugha yake, kisha nikajaribu. Silinda tatu zilikubali. Wenye misumeno wakaanza kuvuka kunitafuta, kwa sababu huku watu hununua mlio. Pawa ikilia sana, wanasema hiyo ndiyo ina nguvu.

Mzee wa Rubongi alinijia kwa sababu wale ndugu wawili walianza kumwambia ni mzito. Walitaka mbao zivuke kabla ya mvua ya mchana, naye alipasua taratibu, ubao mmoja ukifanana na mwingine kama maharage. Huyu mzee ndiye aliyepasua mbao za jeneza la mama na za jeneza la baba, na mara zote mbili hakutaka kitu isipokuwa chai. Kila mtu alimjua kwa jinsi anavyochanganya mafuta. Hakumruhusu mwingine aguse. Alipima oili kwa kifuniko cha chupa alichokifunga kwa kamba kwenye dumu, akamimina kwenye petroli, akalitikisa dumu huku akihesabu kwa sauti kwa Kidhopadhola, lugha ya kwao. Watu walimcheka, lakini pawa yake ilikuwa na miaka mingi kuliko ya mtu yeyote.

"Mtoto yangu," aliniambia, "hawa watu nasema mimi nakwenda pole. Fanya hii kitu ilie kama ya vijana."

Nilichora mstari kwa kalamu ya wino ndani ya silinda, mahali pa kuishia. Nikaufikia. Ningeacha hapo, lakini yule ndugu mnene alikuwa amesema kibandani kwangu kwamba kuna fundi Malaba anayefanya pawa ilie mpaka ng'ombe wakimbie, na maneno yale yaliniuma. Nikaupita mstari, kushoto na kulia. Kisha, kwa kuwa mzee alihitajika Dabani asubuhi, sikulainisha kingo za tundu. Kingo lazima zilainishwe kwa msasa. Ringi, ile pete ya chuma inayozunguka pistoni, hupita juu ya tundu lile maelfu ya mara kwa dakika. Ikiwa tundu ni pana mno na kingo ni kali, ringi huchungulia nje, na siku moja hujikwaa. Nilijua. Nilijiambia zitajilainisha zenyewe.

Pale shambani ilianza vizuri. Ililia hadi mama mwenye miti akaziba masikio.

"Aki dada!" alipiga kelele yule mnene. "Hii si pawa, hii ni ndege! Mzee, shikilia usije ukaruka nayo!"

Mzee alicheka kama kijana. Gogo la kwanza, la pili. Katikati ya la tatu ukasikika mlio kama sahani inayovunjika, na msumeno ukakwama.

Niliufungua palepale juu ya gunia. Nilipoinua silinda, kipande cha ringi kiliangukia kiganjani mwangu, na kwenye ukingo wa tundu niliona alama mahali kilipokatikia. Pistoni ilikuwa imekwaruzika upande wote wa moshi. Mikwaruzo ya namna ile hufanana sana na ya injini iliyokosa oili. Vichwa vitano vilikuwa vimeniinamia.

Nikafumba kiganja.

"Mzee," nikasema, "ni mafuta. Leo ulisahau oili."

Hakuna aliyenilazimisha. Nilifikiria karo ya wadogo zangu, na nilifikiria wateja, lakini visingizio hivyo nilivipanga baadaye. Wakati ule maneno yalitoka tu, kwa sauti ya upole, sauti ya fundi anayemsikitikia mteja.

"Mimi?" mzee aliuliza. "Mimi natia. Nahesabu."

"Ulihesabu, wazee huhesabu," alisema yule mnene. "Labda ulihesabu bila kumimina!"

Wakacheka. Hata yule asiyecheka alitabasamu. Mdogo wangu hakucheka, lakini ni kwa sababu alimwonea mzee huruma. Mzee alikichukua kile kifuniko kwenye kamba, akakinusa. Kilinuka oili, bila shaka, kwa kuwa kilinuka oili kila siku. Akakitazama, kisha akanitazama mimi, siyo kwa kunishuku. Alikuwa ananiuliza.

Nilivuka nikanunua silinda na pistoni kwa fedha yangu, nikamfungia bila kumtoza. Nilidhani hivyo nimelipa. Baada ya wiki moja alifika kibandani na kuku jike mwekundu, amefungwa miguu.

"Wewe ni mtoto ya watu," alisema. "Mtu ingine angeniacha na chuma yangu."

Nilimpokea kuku kwa mikono miwili. Wadogo zangu walimla Jumapili, na mimi nikala.

Kilichofuata sikukitarajia. Kila mwenye miti aliyemwita mzee alitaka mtu mwingine amchanganyie mafuta, kama mtoto anayekatiwa nyama. Wale ndugu walianza kumtuma jamaa yao asimame karibu na dumu. Mzee alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alimpisha. Kisha nikasikia amerudisha ufunguo wa kanisa aliokuwa akiutunza, akisema kichwa chake siku hizi hakishiki mambo.

Habari ya ufunguo ndiyo iliyonipeleka Rubongi. Lakini nisijipambe: nilikaa nayo miezi miwili kabla ya kwenda.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ananoa jembe. Nilipiga magoti kumsalimu, na sikuinuka. Nilimwambia yote: mstari, kingo, kiganja. Alisimamisha tupa juu ya jembe.

"Kwa hiyo mimi natia oili?"

"Ulitia, baba."

"Ile siku?"

"Ile siku. Kifuniko kilikuwa sawa. Kosa lilikuwa langu."

"Sema tena."

Nikasema tena. Akamwita mke wa mwanawe kutoka jikoni, akaja na mikono yenye unga, na mzee akaniambia niseme mara ya tatu ili mtu asikie. Yule mama alipangusa unga kwenye kanga yake.

"Unajua baba hapa analala na dumu chumbani?" aliniambia. "Anaamka, anafungua, ananusa. Kila siku. Na wewe ukala kuku."



Mzee hakunitukana. Alisema silinda ni chuma, na chuma nilishalipa. "Lakini akili yangu ulinitoa mbele ya watu," alisema. "Mimi siwezi kwenda kuomba. Wewe ndiye utarudisha."

Nilianza na mdogo wangu. Hakuongea nami siku tatu. Mama wa Dabani alishika mdomo, kisha akaja mwenyewe kumwita mzee kazini. Ndugu asiyecheka alinisikiliza, akasema sawa, na tangu siku hiyo hupeleka pawa za wapasuaji wake kwa yule fundi wa Malaba. Mnene alicheka: "Dada, hiyo stori imezeeka, wachana nayo. Na ni tamu bana, usiiharibu."

Hapo nikaamini nimemaliza, hata kama sikupendezwa na jibu lake. Juzi nilikwenda Masafu kutazama pawa iliyokataa kuwaka. Mwenye nayo, mtu nisiyemjua, alisimama akanikinga jua na kuniambia kwa furaha, "Fundi, usinione kama yule mzee wa Tororo, anahesabu oili bila kumimina!" Vijana wake watatu wakacheka kabla hajamaliza. Walikuwa wameisikia mara nyingi.

Niliweka chini spana, nikawaambia ukweli, wote wanne. Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo fundi mwenyewe ni wewe?" Nikasema ni mimi. Mwenye pawa alinyoosha mkono, akachukua msumeno wake, akasema atanitafuta siku nyingine.

Sijui hadithi ile imefika vijiji vingapi. Yule mnene anaisimulia kila anapopakia mbao, na malori yake hufika mahali ambapo mimi sijawahi kufika.