Nabii Asiye Mtani Wetu

"Huwezi," walisema. Kuwachekesha Wamakonde kanisani, tena kwa kitabu cha dini! Mzee wa kanisa alisema siwezi. Mke wangu alisema siwezi huku akinipakulia uji. Mwalimu mstaafu wa Nanganga, aliyenifundisha kusoma, aliniazima kitabu chake cha hadithi za manabii akakiaga kama anayeaga maiti. "Hiki tumeshakizika," alisema.

Nilikuwa nimerudi Newala na stashahada. Naitaja kwa sababu niliipata kwa jasho langu, nikibeba magunia mchana na kusoma jioni, wakati wenzangu walibebwa na wajomba zao. Shirika la umma lililoniajiri lilipoanza kupunguza watu sikungoja kupunguzwa. Niliacha mwenyewe. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipoingia na mizani zao, na kila mtu akafungua kibanda cha sukari au mitumba. Mimi niliomba stoo ya kanisa nikaifanya chumba cha kusomea.

Vitabu sikuwa navyo. Niliazima vitatu: cha padri wetu, cha muuguzi mmoja wa hospitali ya Mkomaindo, na hicho cha mwalimu. Wote niliwapa ahadi moja: nitarudisha siku watu watakapocheka, si kabla. Nilidhani ni kazi ya Jumapili mbili.

Nilisoma Jumapili tisa.

Nilisoma habari ya nabii aliyempiga punda wake, punda akafumbua kinywa akamlalamikia, na nabii, badala ya kutimua mbio, akabishana naye! Nani asiyecheka hapo? Walinitazama mikono mashavuni kama wako msibani. Nilirudia. Niliigiza sauti ya punda. Nilieleza kisomi kwamba hapa pana kichekesho. Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema, "Amina."

"Bibi, si amina! Cheka!"

"Nimcheke nani, mwanangu?"

"Nabii!"

Alinitazama kama niliyemtukania mkwe. "Nabii ni mtani wangu? Tumetaniana lini? Mtu ana shida zake na punda wake, nimcheke tu?"

Benchi zima liliguna kumuunga mkono. Miaka yote ya shule, na nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua. Mtani atakucheka hata ukiwa jenezani, ataingia kaburini azuie mazishi mpaka apewe chochote, na hakuna wa kumkasirikia. Asiye mtani akikucheka, amekutukana.

Padri naye hakunipumzisha. "Kitabu changu, mwanangu. Nina mahubiri."

"Hawajacheka bado, Baba."

"Basi mtanizika bila hicho kitabu."

Jumapili ya kumi, katikati ya punda, kichwa kilichomoza dirishani. Alikuwa mtani wetu, Myao wa Chiungutwa, Mwislamu, muuza mitumba, amesukuma baiskeli mpaka juu huku.

"Hamjambo, watumwa wangu? Mnasomewa nini hata mmenuna hivyo?"

Bibi akamweleza.

"Mtu kazidiwa akili na punda? Si Mmakonde huyo! Mbona mnamkana ndugu yenu?"

Bibi alirusha mkono juu. "Na punda alikuwa Myao! Ndiyo maana hakuweza kunyamaza!"

Stoo ililipuka. Mzee wa kanisa alishika mbavu, benchi likaanguka na watu wake.

"Punda alijua kusema kwa siku moja," mtani aliendelea, akinielekezea kidole. "Huyu kakaa chuoni miaka mitatu, kuchekesha hajui!"

Nilikasirika. Nilisema hapa ni mahali pa kusoma, si gulioni. Sikumaliza. Alinyoosha mkono dirishani akakwapua kitabu cha mwalimu. "Kakasirikia utani! Faini, kuku!" Na wote, waumini wangu, wakaitikia, "Kuku!" Nilimtuma mke wangu alete jogoo. Alikuja naye akicheka njia nzima, nikakikomboa kitabu.

Bibi alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Lakini punda alikuwa anamwokoa na upanga wa malaika," alisema polepole. "Akapigwa. Mimi nimempiga binti yangu hivyo hivyo." Hakuna aliyesema amina. Kwa mara ya kwanza waliniomba nisome tena tangu mwanzo.

Kesho yake nilimrudishia padri kitabu asubuhi, nikapanda lori la korosho. Muuguzi wa Mkomaindo alikipokea chake getini, akakikung'uta vumbi. Nanganga nilifika jua likiwa bado kali. Mwalimu alifungua kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, akatoa unyoya mmoja wa jogoo, akauweka mezani.

"Walicheka?"

"Walicheka mpaka benchi likaanguka, Mwalimu. Na aliyekuwa anasoma ni mimi."

Aliutazama ule unyoya. "Na mtani aliyekutoza jogoo huyu," aliuliza, "alikuwa amesimama wapi?"

"Dirishani," nilisema. Sikuwa tena na kitabu cha mtu.